Sopron: Mji Ulioulizwa Unataka Kuwa Nchi Gani

Ukitaja Hungaria hapa mtaani, wasee wanakutajia Szoboszlai wa Liverpool na story inaishia hapo. Leo mimi niko na kaunti moja tu ya huko, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi, imebanwa kati ya Austria na Slovakia. Inaitwa Győr-Moson-Sopron. Jina ni refu hivyo kwa sababu ni mabaki ya kaunti tatu za zamani zilizounganishwa baada ya mipaka kukatwa upya.

Fungua ramani tu uone. Sehemu kubwa ni tambarare, mto Danube unapita kaskazini, na mji mkuu Győr umekaa pale mito midogo inapokutana. Magharibi kuna ziwa Fertő, ambalo Austria ndiyo imechukua sehemu kubwa. Ni ziwa la maajabu kiasi: maji yake hayafiki hata mita mbili. Miaka ya 1860 lilikauka kabisa, watu wakaanza kulima kwenye sakafu ya ziwa, kisha maji yakarudi. Kando ya ziwa hilo utaona Hungaria imetoa kama ulimi kuingia Austria. Kwenye huo ulimi ndipo ulipo mji wa Sopron, kama kilomita 60 tu kutoka Vienna.

Sasa, huo ulimi ulitoka wapi?

Hungaria ilikuwa upande ulioshindwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mkataba wa Trianon, 4 Juni 1920, uliinyang'anya karibu theluthi mbili ya ardhi yake. Ukanda wa magharibi ulipewa Austria, ambayo pia ilikuwa imeshindwa, kwa sababu wakazi wengi pale walisema Kijerumani. Wanamgambo wa Kihungaria wakakataa, wakashika bunduki mwaka 1921. Italia ikaingilia kati, na Oktoba wakakubaliana huko Venice: ukanda uende Austria, lakini Sopron na vijiji 8 jirani viulizwe vyenyewe.

Kura ikapigwa kuanzia 14 hadi 16 Desemba 1921. Hungaria ikapata asilimia 65. Mjini Sopron penyewe ilipita asilimia 70, na hapa ndipo mimi nilikwama kusoma, kwa sababu sensa ya 1910 inaonyesha wasemaji wa Kijerumani walikuwa wengi kuliko wa Kihungaria kwenye mji huo. Austria ililalamika kwamba orodha ya wapiga kura ilichezewa (hiyo lugha tunaijua vizuri). Huenda ilichezewa. Lakini siamini kwamba mchezo pekee unaweza kutoa pengo kama hilo. Kuna watu waliongea Kijerumani nyumbani, wakaenda kituoni, wakachagua Hungaria. Mwaka uliofuata Bunge likaupa mji cheo cha Kilatini, Civitas Fidelissima, yaani mji mwaminifu kuliko yote.

Kitu hakisemwi sana ni kwamba vijiji 5 kati ya vile 8 vilichagua Austria. Ágfalva ni kimojawapo. Kura zilihesabiwa kwa pamoja, so vikabaki Hungaria vipende visipende.

Halafu ikaja Vita vya Pili, Hungaria ikapigana upande wa Hitler, ikashindwa tena. Desemba 1945 serikali mpya ikatoa amri ya kufukuza Wajerumani. Kigezo kimojawapo kilikuwa jibu lako kwenye sensa ya 1941: ulisema wewe ni Mjerumani, ama lugha yako ya mama ni Kijerumani? Basi jina lako liko kwenye orodha. Mwaka 1946 treni zikaanza kubeba watu wa Sopron na vijiji vyake kwenda Ujerumani, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuishi. Amri haikuuliza ulipiga kura gani 1921. Aliyechagua Hungaria na aliyechagua Austria wote walipimwa kwa fomu ileile.

Manze, hiyo ndiyo sehemu inanikata. Mara ya kwanza serikali ilikuuliza unataka kuwa wapi, ikakupa sifa kwa jibu lako. Mara ya pili iliangalia tu unaongea nini jikoni kwenu.

Baadaye mpaka huohuo ukafungwa kwa waya na mabomu ya ardhini. Mwaka 1956, Wasovieti walipokandamiza mapinduzi, makumi ya maelfu walikimbia kupitia vinamasi vya Hanság, wakavuka daraja dogo la mbao karibu na kijiji cha Andau upande wa Austria, hadi 21 Novemba lilipolipuliwa. Na 19 Agosti 1989, nje ya Sopron, kukaandaliwa pikiniki. Geti la mpaka lilikuwa lifunguliwe kwa saa tatu tu, ishara ya urafiki. Zaidi ya Wajerumani Mashariki 600 wakalivamia. Ofisa wa zamu, Árpád Bella, alikuwa na askari wachache sana na sekunde chache za kuamua. Hakuamuru risasi. Aligeukia wageni waliokuwa wanatoka Austria akaendelea kukagua pasipoti zao, huku nyuma yake watu wakikimbia na watoto mikononi. Chini ya miezi mitatu baadaye, Ukuta wa Berlin ulifunguka.

Desemba 2007 ukaguzi wa kawaida pale mpakani ukaondolewa. Kuna kijiji kinaitwa Rajka, mpakani na Slovakia. Mwaka 1947 vijiji vitatu jirani zake vilipewa Czechoslovakia, na leo ni mitaa ya jiji la Bratislava. Nyumba za Bratislava zimekuwa ghali, so Waslovakia wamehamia Rajka kwa wingi. Wanalala Hungaria, asubuhi wanawasha gari wanaenda job Slovakia, na jioni wanarudi.