Ganze: Jinsi ya kukadiria kivuli cha paneli za sola mlimani

Kaunti ya Kilifi imekuwa na kituo kikubwa cha kawi ya jua tangu mwaka wa 2021, kile cha megawati 40 kilichoko Langobaya, Malindi. Atakayewazia kujenga kingine Ganze hana budi kuhesabu kivuli kwanza, kwani ardhi ya huko huinuka na kushuka kwa vilima.

Paneli zinazolifuata jua hufungwa safu safu juu ya mihimili iliyoelekea kaskazini na kusini. Asubuhi hutazama mashariki, adhuhuri hulala chali, jioni hugeukia magharibi. Jua likiwa chini, safu moja huitupia nyingine kivuli. Kwa kuwa seli zimeunganishwa kwa mfuatano, ukanda mwembamba wa kivuli waweza kuzima sehemu kubwa ya paneli kuliko ile iliyofunikwa.

Ganze iko takriban digrii tatu na nusu kusini mwa ikweta. Machi na Septemba, usiku na mchana unapolingana, jua hupanda karibu wima, digrii 15 kwa saa. Tuchukue paneli zenye upana wa mita 2, na mita 5 kutoka mhimili hadi mhimili. Gawanya 2 kwa 5, upate 0.4, ambayo ni saini ya digrii 23.6. Kwenye tambarare, jua likiwa chini ya kimo hicho safu hutiana kivuli: dakika 94 baada ya macheo na dakika 94 kabla ya machweo. Muda huo mtambo hulaza paneli kiasi ili kivuli kisiifikie safu ya pili.

Sasa ziweke kwenye mteremko wa digrii 6 unaoshukia mashariki. Zidisha 0.4 kwa kosaini ya 6, upate 0.398, saini ya digrii 23.4. Asubuhi toa 6, jioni ongeza 6. Kivuli cha asubuhi hukoma jua likifika digrii 17.4, yaani dakika 70 baada ya macheo. Cha jioni huanza likiwa digrii 29.4, dakika 118 kabla ya machweo.

Mtambo uliopangwa kana kwamba ardhi ni tambarare hukosea kotekote. Asubuhi huendelea kulaza paneli dakika 24 bila sababu. Jioni huchelewa dakika 24, na hata ukianza hauzilazi vya kutosha. Watafiti Kevin Anderson na Mark Mikofski walichapisha nchini Marekani, mwaka wa 2020, kanuni ya kuuelekeza mtambo kulingana na mteremko.

Wapo wanaopendelea kutanua nafasi. Ili jioni irejee dakika 94, mita 5 zitakuwa karibu 6.6, na shamba litaongezeka kwa takriban theluthi moja. Ardhi hiyo ni malisho ya mbuzi na ng'ombe wa watu. Kusawazisha kilima kwa tingatinga nako huondoa udongo wa juu, jambo zito mahali pakavu kama Ganze. Hivyo wenye ardhi, kabla ya kutia saini mkataba wa kukodisha, wanafaa kuuliza mteremko umepimwa vipi, na ekari zinazoombwa zimetokana na hesabu gani.