Bomba na Kisima: Historia ya Maji Machafu na Swali la Nani Anaamua

Katika mafunzo ya siasa tumezoea kuuliza ardhi ni ya nani, kiwanda ni cha nani, na jasho la mkulima linamfaidi nani. Mara chache tunauliza uchafu wa mji unakwenda wapi na unapita kwa nani. Wengi hudhani hilo ni jambo la wahandisi na mabwana afya peke yao. Historia inaonyesha vingine. Kila bomba la maji machafu lina kichwa na mkia. Kichwani wapo wanaoondolewa uchafu. Mkiani wapo wanaoupokea. Kwa hiyo kuchora njia ya bomba ni kuamua nani awe kichwani na nani awe mkiani. Huo ni uamuzi wa kisiasa, hata ukiandikwa kwa lugha ya vipimo.

Leo miji yetu inapanuka hadi kuvikuta vijiji, na mabomba ya maji machafu yanaweza kupita karibu na visima ambavyo wanakijiji wanakunywa maji yake. Kada atakayekutana na jambo hili hana budi kujua historia yake.

Fundisho la London

Katikati ya karne ya 19 Uingereza ilikuwa kinara wa ubepari duniani. Hata hivyo, katika mji wake mkuu uchafu ulikusanywa katika mashimo yaliyochimbwa chini ya nyumba au uani. Kuanzia mwaka 1848 wenye mamlaka walihimiza mashimo hayo yafungwe na nyumba zimwage uchafu katika mitaro. Nyumba zikapata nafuu. Lakini mitaro hiyo ilimwaga katika mto Thames, na makampuni ya maji yalikuwa yakichota katika mto huohuo na kuwauzia wananchi. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua zaidi ya watu 14,000 mjini London.

Mwaka 1854 daktari John Snow alilinganisha wateja wa makampuni mawili. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamishia machoteo yake sehemu ya juu ya mto mwaka 1852. Kampuni ya Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota mahali palipochafuka. Katika wiki saba za mwanzo wa maradhi, kwa kila nyumba 10,000, wateja wa kampuni hii ya pili walipata vifo 315, na wale wa Lambeth vifo 37. Watu hao walikuwa majirani wanaoishi mtaa mmoja na kuvuta hewa moja. Kilichowatofautisha ni maji waliyouziwa.

Mwaka huohuo, katika mtaa wa Broad Street, watu zaidi ya 600 walikufa katika eneo lililozunguka kisima kimoja cha pampu. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Baadaye mahali hapo palifukuliwa, ikaonekana kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani, ambalo matofali yake yalikuwa yameoza, lilikuwa umbali usiofika mita moja kutoka kisimani. Maji yake yalikuwa yakipenya udongoni. Aliyesaidia sana kumgundua mgonjwa wa kwanza ni kasisi Henry Whitehead, kwa kupita nyumba kwa nyumba na kuwauliza wakazi. Hilo tulizingatie: sayansi ilikamilika ilipowasikiliza wakazi wenyewe.

Je, watawala walichukua hatua lini? Walingoja hadi kiangazi cha mwaka 1858, uvundo wa mto ulipoingia ndani ya Bunge lenyewe. Hapo sheria ya kujenga mitaro mikubwa ilipitishwa upesi, na mhandisi Joseph Bazalgette akaendesha kazi hiyo. Lakini mwaka 1866 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 5,000 mashariki mwa London, makao ya wafanyakazi, ambako mtandao mpya ulikuwa haujakamilika na kampuni ya maji ilikuwa imewafikishia maji machafu. Wanyonge walikuwa wa mwisho kufikiwa na bomba jipya, na wa kwanza kufa.

Mji wa matabaka

Katika pwani yetu, kipindupindu kiliikumba Zanzibar mwaka 1869 na 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akiishi huko, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Katika utawala wa Sultani Barghash, yaani kati ya 1870 na 1888, maji ya chemchemi yaliletwa mjini kwa bomba kutoka upande wa Bububu. Mji ulipata njia nyingine ya maji. Shamba liliendelea na visima vyake.

Mkoloni aliigawa Dar es Salaam katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Bomba la maji machafu lilihudumia katikati ya mji na kumwaga baharini. Uswahilini choo kilikuwa shimo la uani. Tumerithi ramani hiyo. Mtu anayechora bomba jipya leo anaanzia kwenye mistari iliyochorwa na wale ambao hawakumhesabu Mwafrika kuwa mwananchi.

Baada ya Uhuru

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilielekeza macho vijijini. Mwaka 1971 Serikali ya TANU ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wa vijijini maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Lengo hilo halikutimia ilipofika 1991, ila liliweka msingi kwamba maji ni haki ya mwanakijiji. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza kwa redio na vitabu, na baada ya masomo wakachimba vyoo kwa mikono yao.

Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilibadili namna ya kukaa. Kaya zilizokuwa zimetawanyika zilisogezwa pamoja. Choo cha mmoja kikawa karibu na kisima cha wengi. Kipindupindu kilipoingia kwa nguvu mwaka 1977 kilituonyesha kwamba kukusanya watu bila kulinda maji yao ni kazi nusu. Mlipuko ulioanza Agosti 2015, ambao uliwapata zaidi ya watu 20,000, umetukumbusha jambo hilohilo.

Kwa nini bomba hukutana na kisima

Maji machafu husafiri kwa mteremko. Mhandisi anayetaka kuepuka gharama ya pampu hupitisha bomba bondeni. Mwanakijiji naye huchimba kisima bondeni, kwa kuwa huko maji yako karibu. Basi bomba na kisima havikutani kwa bahati mbaya. Unafuu wa gharama ndio unaovikutanisha, na anayelipa tofauti ni yule anayekunywa.

Bomba lenyewe huvuja kwenye maungio, kwenye chemba, na mahali ardhi ilipotitia. Uchafu hufuata mwelekeo wa maji ya ardhini. Mita 30 ni kipimo kinachotajwa sana kati ya choo na kisima, lakini kipimo hicho hakitoshi kila mahali. Katika udongo wa mfinyanzi uchafu hupita polepole. Katika mchanga mnene au mwamba wenye nyufa unaweza kwenda mbali. Tena kisima kinachovutwa kwa pampu yenye nguvu huyavuta maji ya pande zote, pamoja na yaliyochafuka.

Kazi ya kada

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa chombo cha juu katika mambo ya kijiji. Ramani ya bomba ifikishwe hapo kabla mtaro haujachimbwa. Kada ahakikishe kwamba kila kisima kimeonyeshwa kwenye ramani, pamoja na vile vya msimu ambavyo kina mama wanavijua na ofisi haivijui. Maji ya visima yapimwe kabla na baada ya ujenzi. Bomba lijazwe maji na kukaguliwa kama linavuja kabla ya kufukiwa. Na pale ambapo hakuna njia nyingine, kijiji kipatiwe maji mengine salama kwanza, ndipo maji machafu yaruhusiwe kupita.

Wako watakaosema kwamba hayo yanachelewesha maendeleo. Tuwaulize: maendeleo ya nani? Mji unastahili bomba, na hakuna anayelipinga. Lakini bomba linaloondoa kipindupindu mjini na kukipeleka kijijini limehamisha ugonjwa tu kutoka kwa wenye sauti hadi kwa wasio na sauti. Chama kinachojiita cha wakulima na wafanyakazi hupimwa mkiani mwa bomba.