Kigoma, Mwisho wa Reli

 Leo kalamu ziwekeni kando kidogo. Mwalimu wenu wa darasa amekwisha tundika ramani ya Tanzania ukutani. Mmoja wenu na asimame, aweke kidole chake Dar es Salaam, kisha afuate mstari wa reli: Morogoro, Dodoma, Tabora, hata kidole kifike majini. Hapo ndipo Kigoma. Watu hupaita "mwisho wa reli", na kidole hicho kimekwenda zaidi ya kilometa 1,200.

Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo watu walikwenda kwa miguu. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Ihesabu hiyo miezi kwa vidole vyako. Wala njia hawakuitafuta wao. Ilikwisha kanyagwa zamani na wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Hao walipeleka nguo na shanga bara, wakarudi na pembe za ndovu, na pamoja na pembe, watu waliofungwa minyororo. Jambo hilo tusilipite mbio. Wengi waliofika Bagamoyo kwa njia ile hawakuyaona makwao tena.

Sasa rudisha kidole nyuma kidogo mpaka Uvinza, karibu na mahali ambapo mto Ruchugi unaingia Malagarasi. Hapo zipo chemchemi za maji ya chumvi. Mwaka 1967 wataalamu walichimba ardhi ya Uvinza, wakakuta vigae vya vyungu na mabaki ya meko. Yalionyesha kwamba watu walichemsha chumvi hapo tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wakati wa kiangazi, maji ya mto yakipungua, watu walitoka mbali wakapiga kambi, wakachota maji yale na kuyachemsha katika vyungu mpaka yakauke na chumvi ibaki chini. Sehemu ya chumvi walimpa mtemi wa Wavinza, mwenye chemchemi, na iliyobaki wakaenda kuiuza. Basi kabla ya reli, na kabla ya mgeni yeyote kutoka pwani, Uvinza ilikuwa na kiwanda na biashara yake.

Watemi hao pia walitoza hongo kwa misafara iliyovuka mto Malagarasi. Stanley alipopita mwaka 1871 alilipa nguo nyingi, na alipofika Uha akadaiwa tena na tena, mpaka akaamua kupita usiku kwa kunyemelea. Wageni wengi waliandika juu ya hongo kana kwamba ni wizi. Lakini wewe ukipanda kivuko leo, hulipi nauli?

Stanley alikuwa akimtafuta Livingstone, akamkuta Ujiji. Bila shaka habari hiyo umekwisha isikia, pamoja na ule mwembe. Lakini aliyetoka mbio kwanza kumpokea mgeni hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wake, aliyetoka upande wa mto Zambezi. Ndiye Susi ambaye, Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika nchi inayoitwa leo Zambia, aliukausha mwili pamoja na Chuma na wenzao, wakauchukua kwa miguu mpaka Bagamoyo. Walifika mwezi wa Februari 1874. Na jambo hili litakufaa wewe unayejifunza kusoma: Stanley aliandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba, lakini kwa hesabu ya Livingstone ilikuwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani, na mgonjwa hupoteza hesabu ya siku. Kwa hiyo neno lililochapwa kitabuni nalo huulizwa maswali.

Ukienda Ujiji utaona jiwe la ukumbusho, nawe utashangaa kwamba ziwa liko mbali nalo kidogo. Mwembe wa kwanza ulikufa. Iliyopo ni miche yake. Ziwa nalo lilishuka kwa meta kadhaa baada ya mwaka 1878, maji yalipofungua njia ya mto Lukuga kwenda Kongo. Bandari kubwa ikajengwa Kigoma, ambako maji yana kina.

Meli mashuhuri ya bandari hiyo ni Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha na kuletwa Kigoma kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani, wakikimbia vita, waliizamisha wenyewe, lakini mitambo waliipaka grisi nyingi kwanza. Grisi ile ilifanya kazi yake. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba.

Reli ilileta mizigo, ikachukua watu. Wakati wa Waingereza kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na huko Uha mazao ya kuuza yalikuwa machache. Vijana wakatia sahihi mikataba, au wakabonyeza dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma, wakapandishwa gari moshi kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Wengine walirudi na baisikeli na mablanketi. Wengine walibaki huko huko, na wajukuu wao hawakijui Kiha.

Muda wetu unakwisha, na ziwa bado sijalieleza. Kwa kina, ziwa Tanganyika ni la pili duniani. Chini linafika karibu meta 1,470. Samaki hukaa juu tu, kwa kuwa huko chini maji hayana hewa. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na dagaa hao huliwa mpaka Dar es Salaam. Kaskazini mwa mji, katika msitu wa Gombe, mwaka 1960 Jane Goodall aliona sokwe akichokonoa kichuguu kwa kijiti ili ale mchwa. Wataalamu walikuwa wakiamini kwamba mwanadamu peke yake hutengeneza zana. Mawese pia nimeyaacha; asiyejua wali wa mawese na amwulize mtu wa Ujiji.

Kazi ya nyumbani: mtafute mzee aliyefanya kazi ya mkonge, au mtoto wake. Mwulize alikuwa namba ngapi, na alilipwa nini. Andika mistari mitano, kisha uilete darasani Jumatano.