Kuzirai jukwaani

Kuzirai jukwaani ni mbinu ya uigizaji wa tamthilia inayoonyesha mhusika akipoteza fahamu na kuanguka, bila mwigizaji kuumia. Dalili hutangulia anguko: macho hupoteza shabaha, pumzi hupungua, magoti hulegea. Mwigizaji hukunja magoti, hushusha nyonga karibu na sakafu, kisha hujilaza upande mmoja: shavu la mguu, paja, tako, ubavu, mwisho bega. Kidevu huelekezwa kifuani ili kisogo kisigonge sakafu. Mkono haunyooshwi kuzuia anguko, kwani kiwiko au kifundo cha mkono huweza kuvunjika. Mazoezi huanza polepole juu ya godoro. Kwa mfano, katika tamthilia ya *As You Like It* ya Shakespeare, Rosalind huzirai aonapo leso yenye damu.