Kanga ya bibi ilikuwa rangi gani?

Nina picha moja ya bibi yangu, iliyopigwa studio Morogoro mjini mwaka 1966. Kashuka kutoka Mgeta, kavaa kanga mpya. Kanga hiyo, kwenye picha, ni ya kijivu.

Nilikuwa nadhani ni suala la pesa tu: rangi ghali, basi. Kumbe kulikuwa na jambo lingine. Mkanda wa nyeusi na nyeupe ulisafishwa palepale studio. Giza totoro kwa mkanda, taa nyekundu kwa karatasi, dawa mbili tatu kwenye beseni, na maji, ambayo Uluguru haijawahi kutunyima.

Slaidi za rangi zilikuwa habari nyingine. Kodachrome, iliyotoka mwaka 1935, ilikuwa na kituko chake: mkanda wenyewe ulikuwa matabaka ya nyeusi na nyeupe, rangi ikaingizwa wakati wa kusafisha, tena kwa mitambo iliyokuwa kwenye maabara chache tu duniani. Kwa hiyo mmisionari wa Matombo au mtafiti wa ndege alitia mkanda wake posta. Milima ni yetu, ila rangi yake ilizaliwa ng'ambo! Slaidi zilirudi, zikaoneshwa ukutani kwa projekta, na mkataba wa mwenyewe ulipoisha zikaondoka naye.

Msituni hata wao walibanwa. Kodachrome II ya mwaka 1961 ilikuwa na kasi ya 25. Tri-X ilikuwa na 400, mara 16 zaidi. Panda Bondwa siku ya ukungu utaelewa. Tena slaidi haisamehe, ukikosea mwanga kidogo umeharibu. Mimi ningeweka rangi kwa matuta ya Mgeta juani, na kule juu ningebeba nyeusi na nyeupe.

Maabara ya mwisho ya Kodachrome, huko Kansas, ilifunga kazi hiyo mwishoni mwa 2010. Mkanda uliosahaulika kwenye droo fulani Ulaya, hata ukisafishwa leo, utatoa picha ya kijivu kama yangu.

Nilimuuliza bibi kabla hajafariki. "Nyekundu, mjukuu wangu," akasema. Mdogo wake, aliyekuwa anamenya njegere pembeni, akacheka: "Dada, ile ilikuwa zambarau."