Ute si uchafu

Ute wa ukeni tumezoea kuuita uchafu, na jina hilo huwasukuma wanawake kujiosha ndani kwa sabuni, wakiwaondoa bakteria wa laktobasila ambao asidi yao hudhoofisha virusi. Utafiti wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa wanawake vijana wenye mchanganyiko wa bakteria wengine walikuwa na hatari ya kuambukizwa VVU zaidi ya mara nne ya wale waliotawaliwa na laktobasila wa aina ya krispatasi. Utaambiwa uhusiano si sababu. Ni kweli, ila mchanganyiko huo huamsha uvimbe unaovuta seli za CD4, ambazo ndizo VVU huzivamia. Na ute wenye harufu kali au muwasho? Huo tuuite dalili, upimwe kliniki.