Picha za Kale za Kilimanjaro

Picha ya nchi ni hati ya historia, hata kama aliyeipiga hakukusudia hivyo. Mwaka 1912, nchi yetu ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, Fritz Klute na Eduard Oehler walipanda Kilimanjaro na kamera zao, wakaupiga picha mlima ili ichorwe ramani. Kutokana na ramani hiyo, wataalamu wamekadiria kuwa barafu ya wakati ule ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2007 zilibaki pungufu ya 2. Wazee husimulia jinsi barafu ilivyong'aa. Picha huonyesha ilipokomea. Basi, vijana, sisi wenyewe tuipige picha nchi yetu, na kila picha tuiandike mahali na tarehe, ili wajukuu wajue walichorithi na kilichopotea.